Beki Mkongwe kwa Mtu wa Barafu

Takwimu aliisoma habari ile mara mbili. Mara ya pili aliisoma kwa sauti ya kutangaza msiba, maana Pengo alidai hakusikia. Kweli hakusikia, alikuwa anashindana na mkate wa mdalasini, na mtu asiye na meno manne ya mbele akishindana na mkate, masikio yanapumzika.

"'Nyati wa Torquist wako tayari kumwachia beki wao mkongwe, Darcy Oleksyn, ajiunge na Kindi wa Wexley,'" Takwimu akasoma. "'Badala yake hawataki mchezaji. Wanamtaka Bwana Lorne Hrycay, mtengeneza barafu wa uwanja wa Wexley. Dirisha la usajili linafungwa leo saa sita mchana.'"

Akalikunja gazeti, akalilaza mezani. Sote tukamtazama Lorne Hrycay, ambaye alikuwa amekaa palepale, kiti cha tano, anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Kwetu Lorne anaitwa Kioo, kwa sababu barafu anayoimwaga unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Kazi hiyo kaifanya miaka thelathini na moja. Mimi wananiita Mizani, kwa sababu nimepima ngano ya wilaya hii nzima mpaka nikastaafu, na wapo wakulima ambao mpaka leo wanasema niliwapunja. Meza yetu iko mwisho wa mkahawa wa duka la ushirika, karibu na mlango wa stoo. Kila siku saa nne tuko hapo, hata siku kama ile, baridi nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, magari yote nje yamechomekwa umeme yasigande. Na msidhani tulikuwa wapiga soga tu. Kamati ya Kindi, timu ya mji ya magongo ya barafuni, mchezo wa kisahani badala ya mpira, ndiyo sisi. Nani mwingine ana muda?

"Oleksyn!" Pengo akang'aka, makombo yakaruka. "Huyo Oleksyn ndiye aliyenitoa meno haya! Mwaka ule, kona ile ya pale uwanjani! Nilikwenda kuchukua kisahani, nikarudi na nusu mdomo!"

"Ndiyo maana tunamtaka," akasema Diwani. "Mtu anayeng'oa meno manne kwa pigo moja ni mtu makini."

Diwani ni Clem Friesen, mwenyekiti wetu. Ana kiti kwenye baraza la mji na suti moja. Suti huvaa kwenye mazishi, barazani huenda akikumbuka.

"Ana miaka arobaini na moja," nikasema.

"Mizani, tumefungwa mechi kumi na moja mfululizo," akanijibu. "Mabeki wetu wana miaka ishirini, na kazi yao ni kumfungulia adui mlango na kumpokea koti. Tukifungwa Jumamosi hii tumekwisha. Ligi imesema wazi, timu ya mwisho inafutwa. Mji huu utabaki na nini? Kanisa na mnara wa maji!"

"Magoti yake yamepasuliwa mara tatu," Takwimu akaingilia. Takwimu analima dengu, na kichwa chake kimejaa namba ambazo hakuna aliyemuomba. "Mara mbili la kushoto, mara moja la kulia. Lakini akiwa uwanjani, timu yake hufungwa bao moja na nukta mbili. Asipokuwepo, matatu na nukta nne."

"Hiyo nukta nne ni bao la nani? Kisahani kiliingia nusu?" Pengo akauliza.

"Ni wastani, we mzee! Wastani!"

"Mimi meno yangu hayakung'oka kwa wastani."

Arlene akaja na birika, akatujazia vikombe. Arlene ana umri wa mabinti zetu na hamwogopi mzee hata mmoja kati yetu. Akamjazia Kioo wa mwisho, akabaki amesimama nyuma ya kiti chake.

"Hivi nyinyi wazee," akasema, "mnajua kama yupo hapa?"

"Nani?" akauliza Diwani.

"Mzee Lorne!"

"Aa, Kioo! Kioo ni mwenzetu, haoni vibaya. Ama unaona vibaya, Kioo?"

Kioo akainua mabega kidogo, akayashusha. "Semeni tu," akasema. "Kamati ni kamati."

Basi tukasema. Nasikitika kuandika jinsi tulivyosema, lakini nilikuwepo na mdomo wangu nao ulikuwemo. Takwimu alitoa kalamu akaandika kwenye kitambaa cha karatasi thamani ya barafu nzuri ukilinganisha na thamani ya beki. Akagundua kwamba barafu inatumiwa na timu zote mbili sawasawa, kwa hiyo mchango wake kwenye ushindi ni sifuri. Alifurahi sana, akapiga mstari mara mbili chini ya hiyo sifuri, akamgeuzia Kioo karatasi aione.

"Usinielewe vibaya, ndugu yangu," akamwambia. "Ni hesabu tu."

"Naona," akasema Kioo. "Sifuri nzuri. Ya mviringo."

"Na kusema ukweli," Diwani akadakia, "kumwaga maji yagande, huku kwetu, Januari? Hata nikimwaga chai hapo nje inaganda. Kazi anafanya Mungu. Kioo anaendesha mashine tu."

"Mwaka ule Kioo alipopata homa ya mapafu, uliendesha wewe," nikamkumbusha. "Ukatoboa ukuta."

"Ukuta ulikuwa umekaa vibaya."

"Ulikuwa umekaa hapo tangu uwanja ujengwe, Diwani."

Wakacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo ningeweza kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni: huyu mtu haendi kokote, fungeni gazeti. Lakini huku kwetu mwanaume akimwambia mwanaume mwenzake ukiondoka nitakukosa, wanampeleka kupimwa akili. Nikanywa kahawa.

Pengo ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atapinga hadi jioni. Akafuta mdomo, akasema, "Sikilizeni. Mimi nimemchukia Oleksyn miaka kumi na minane. Ni kazi ngumu kumchukia mtu aliye maili arobaini, unamwona mara nne kwa mwaka. Akihamia hapa nitamchukia kwa nafasi. Nakubali."

"Haya!" Diwani akapiga meza. "Mizani?"

Macho yote kwangu. Ya Kioo pia. Hayakuomba kitu, yalikuwa yanasubiri tu, kama mtu anavyosubiri kwenye kituo cha basi asiyejua kama basi bado linapita.

"Timu ikifutwa," nikasema, "hata barafu haitakuwa na kazi."

Ilikuwa hoja nzuri. Mpaka leo siipendi.

"Imepita!" akasema Diwani. "Sasa, nani anapiga simu Torquist?"

Kila mtu alikumbuka kikombe chake. Kumkubali beki ni jambo moja. Kuinua simu na kutamka kwamba Wexley tunamtoa Lorne Hrycay, huku Lorne Hrycay anakutazama, ni jambo lingine.

"Mwenyekiti ni wewe," nikamwambia Diwani.

"Mwenyekiti anaongoza. Hapigi simu."

"Basi tucheze namba," akasema Takwimu.

Namba ndiyo mchezo wetu wa kila siku. Arlene huandika namba kati ya moja na mia kwenye karatasi ya oda, anaifunika chini ya chupa ya sukari. Tunabahatisha kwa zamu, yeye anasema juu au chini. Atakayeitaja, analipia kahawa za wote. Siku hiyo atakayeitaja angepiga simu.

"Mnacheza na yeye pia?" Arlene akauliza.

"Kakaa mezani," akasema Diwani. "Aliyekaa mezani anacheza. Hatubagui mtu."

Arlene akaandika. Hakuna mtu amewahi kuandika namba kwa hasira kiasi kile.

"Hamsini," Diwani akaanza.

"Juu."

"Sabini na tano," akasema Takwimu, akatueleza kwa nini, hatukusikiliza.

"Chini."

"Hamsini na nane," akasema Pengo.

"Chini."

Zamu yangu. Zilibaki namba saba. Baada yangu ni Kioo. "Hamsini na sita," nikasema.

Arlene alinitazama muda mrefu. "Juu," akasema.

Yaani ilibaki moja tu, na hata Pengo aliijua.

"Hamsini na saba," Kioo akasema, kwa upole kabisa, na akanyoosha mkono apewe simu.

Hapo hata Diwani alitikisika. "Kioo, mwanangu, si lazima... tunaweza kurudia..."

"Namba ni namba," akasema Kioo.

Diwani akampa simu yake, ameshaiweka sauti ya nje, akailaza katikati ya meza. Ikaita mara mbili. Akapokea Mama Schaff, mwenyekiti wa Nyati, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka shamba la jirani.

"Wexley! Mmekubali?"

"Bado," akasema Kioo. "Beki mmoja kwa huyu mtu ni dharau, Mama Schaff."

Tukatazamana. Takwimu akanipiga kiwiko. Diwani akainua dole gumba juu hadi karibu na taa.

"Dharau vipi?" Mama Schaff akauliza. "Oleksyn aligusa ligi kubwa. Mechi tisa!"

"Huyu kagusa mechi mia saba na zaidi, na hakuna hata moja iliyochelewa. Watu wanadhani ni maji kuganda tu. Yeye anamwaga ya moto, nyembamba, mara sita, anasubiri kila tabaka likamate. Anaanza saa kumi alfajiri ili watoto wa darasa la kwanza wakute barafu laini, wakianguka wasichanike. Wikiendi aliyomzika mkewe kulikuwa na mashindano ya watoto. Alimwaga barafu asubuhi, akaenda kuzika, akarudi akamwaga tena jioni. Hakumwambia mtu."

Mimi nilikuwa kwenye mazishi yale. Nilibeba jeneza. Nakumbuka mikono yake ilikuwa na baridi na suruali imelowa magotini, nikadhani ni theluji.

"Mwenzangu," Mama Schaff akasema, sauti imeshuka, "kama ndivyo alivyo, mbona mnamtoa?"

Kioo akafunika simu kwa kiganja, akatugeukia mmoja mmoja.

"Anauliza mbona mnamtoa," akasema. "Nimwambieje?"

Pengo akautazama mkate wake. Takwimu akaichukua ile karatasi ya hesabu, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Mwambie aongeze kipa," Diwani akanong'ona.

Kioo akaondoa kiganja.

"Wanasema ongeza kipa."

"Kipa gani? Yule wa akiba? Mchukueni! Kwa mtu huyo hata basi ningewapa!"

"Basi!" Pengo akanong'ona. "Chukua na basi!"

"Basi haliwaki tangu Novemba," Takwimu akanong'ona. "Liache."

"Beki na kipa, inatosha," akasema Kioo.

"Tumekubaliana," akasema Mama Schaff. "Aje leo leo. Kuna nyumba juu ya ofisi ya uwanja, ina joto. Anakula nini? Akina mama hapa wanataka kujua wampikie nini."

Swali hilo lilimkwamisha. Maswali mengine yote alikuwa na majibu yake.

"Anakula chochote," akasema mwishowe.

"Hakuna mtu anayekula chochote. Utanieleza ukifika. Karibu Torquist, Bwana Lorne."

Simu ikakatika.

Diwani akaruka juu, kahawa ikamwagika. Takwimu akampiga Pengo mgongoni, Pengo akakohoa mdalasini. Beki na kipa! Kwa mtu mmoja ambaye hata kuteleza barafuni hajui! Diwani alisema hajawahi kuona biashara ya namna hiyo tangu azaliwe, na kwamba tungekuwa na akili tungemtoa Kioo zamani. Alisema hivyo huku amemshika bega, kwa upendo kabisa.

Kioo akasimama, akavaa koti, akafunga zipu hadi kidevuni. Akautoa mtungo wa funguo za uwanja, akauweka mbele yangu, si mbele ya mwenyekiti. Arlene alikuwa anafuta meza mahali pasipokuwa na kitu, na alikuwa analia bila kujificha. Kioo akampa mkono. Akamwambia kahawa yake siku zote ilikuwa nzuri.

"Usiwe mnyonge, babu!" Diwani akamwita alipofika mlangoni. "Angalia tulivyowapiga Torquist! Wawili kwa mmoja!"

Kioo akageuka, mkono uko kwenye kitasa.

"Ndiyo," akasema. "Mmetupiga."