Barafu Kwenye Kibanda cha Kipimajoto

Jumatano, tarehe 12

Mama amerudishwa tena! Mara ya pili wiki hii. Tiketi yake ni ile wanayopewa ndugu wa wafanyakazi wa uwanja: ndege ya mchana ikiwa na nafasi unapanda, ikikosa unarudi nyumbani na begi lako. Na Jumatatu anapasuliwa jicho, huko anakoishi dada yangu. Akikosa siku hiyo, foleni nyingine ni miezi saba. Viti vilikuwepo! Mimi ndiye mpakiaji wa mizigo, niliviona kwa macho yangu. Wanasema ni joto. Joto limekula kiti cha mama.

Mwenye joto ni Bwana Digrii wa hali ya hewa. Kila saa anatembea hadi kile kibanda cheupe kwenye nyasi, anachungulia kipimajoto, anaandika, na rubani anapunguza watu. Arobaini na nne! Analitaja kama ni mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Alhamisi, tarehe 13

Nimemwendea kistaarabu. Nikamwomba kesho kutwa aone thelathini na nane. Akaniuliza kama nimekunywa maji leo. Kisha somo: hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kuegemea, injini nazo zinakosa pumzi, ndege inabidi ikimbie mbali zaidi ndipo inyanyuke. Na njia yetu ya kurukia ni fupi. Mwisho wake uzio, nyuma ya uzio nyumba za watu. Akataka kuongeza jambo kuhusu asubuhi. Nikamkatiza. Mahubiri ninayo ya kutosha nyumbani.

Mama hakunilaumu. Jioni alinipapasa uso akitafuta shavu, akasema mwenye mwana uwanjani hakosi kufika. Nikatoka nje nikalia kidogo. Vumbi tu.

Jumamosi, tarehe 15

Saa sita na nusu mchana nikaficha barafu kibandani, nyuma ya kipimajoto, ndani ya soksi. Soksi safi! Saa saba Bwana Digrii akachungulia, akafuta miwani, akachungulia tena, akatazama mbingu. Shati limemganda mgongoni kwa jasho, akaandika thelathini na nane. Yeye anaamini kipimo kuliko jasho lake mwenyewe. Nilicheka peke yangu nyuma ya toroli.

Wote wakapanda. Mama alipofika juu ya ngazi alipunga mkono upande ambao sikuwepo. Nami nikapunga. Nikajiona mwana kweli.

Kisha soli ya kiatu changu ikanasa. Lami ilikuwa imelainika. Nikatazama mwisho wa njia, uzio ulikuwa unacheza kwa joto. Nikaanza kukumbuka masanduku niliyoyapakia, moja baada ya jingine. Nilidhani nampandisha mama mmoja, kilo hamsini na nane. Kumbe soksi ile imepandisha watu kumi na wanne na mizigo yao, na rubani hana habari. Bwana Digrii nilimdanganya. Hewa sikuidanganya.

Nilikimbia kwa kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye lami. Nikamwambia Bwana Digrii yote, hadi soksi. Hakunitukana. Alinyanyua simu ya kwenda mnara wa kuongozea ndege. Ndege ilikuwa tayari inaelekea mwanzo wa njia. Ikageuka. Wakateremshwa kumi na wanne, mama wa kwanza.

Nikamweleza ukweli. Mama akasema kumbe angekufa huku akimsifu mwanawe.

Jumapili, tarehe 16

Mama ameruka alfajiri! Digrii ishirini na sita, na viti vitatu vilibaki wazi. Kumbe ndilo lile jambo la asubuhi: hewa ya alfajiri ni nzito, inabeba. Bwana Digrii mwenyewe ndiye aliyezungumza na mkata tiketi ili mama ahamishiwe ndege ya alfajiri, na akambebea begi. Nilimshukuru nikitazama chini.

Meneja amesema nisiikaribie ndege wala kibanda. Nimehamishiwa ndani, kwenye mizani ya mizigo, ambako anaamini siwezi kumdhuru mtu.

Jumatano, tarehe 19

Jicho linaona! Mama amepiga simu, amesoma saa ya ukutani bila kuambiwa. Huku leo ni arobaini na tano. Nimeapa mbele ya Bwana Digrii kwamba kipimajoto sitakigusa tena maishani. Yule bwana alinipa mkono. Mtu mwema, nilimwonea bure.

Kesho mchana shangazi anakwenda kumuuguza mama. Sanduku lake lina kilo thelathini na moja, ruhusa ni ishirini na tatu. Lakini leo nimegundua kitu: ukiinua sahani ya mizani kidogo kwa ncha ya kiatu, kilo nane zinapotea zenyewe. Kilo nane tu! Ndege kubwa namna ile itajuaje? Na viatu nimeshanunua vipya, vya ncha nyembamba.