Nakiru, Mfugo wa Karai

Alhamisi, 12 Septemba

Tangazo limebandikwa ukutani pale sokoni: onyesho la mifugo, Jumamosi ya wiki ijayo. Ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo. Na chini kabisa: "mifugo mingineyo". Jirani yangu Gikunda ameshalisoma. Namjua. Amepita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu akipiga mluzi. Atapeleka sungura wake kama mwaka jana, atashinda kama mwaka jana, na ule utepe mwekundu atauvaa hadi kanisani.

Mimi sina mfugo. Ukame ulichukua mbuzi wangu wote, hata yule mweupe aliyenifuata kama mbwa. Sipendi kuandika habari hiyo. Shida ni kwamba baba mkwe, mzee Ewesit, anakuja kutoka Kipsing kuona onyesho. Atalala kwetu. Kwake, mwanamume asiye na mfugo ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

Jioni nimekunywa chai na Liban, kondakta wa basi la Mombasa. Amesema huko pwani kuna watu wanafuga kaa kwenye vizimba, katikati ya mikoko. Wanafuga! Nimeweka kikombe chini. Nimemuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuonyesha kaa hapa Isiolo. Amecheka mpaka akakohoa.

Hilo ndilo jibu nililotaka.

Jumamosi, 14 Septemba

Amefika! Ndani ya gunia lililoloweshwa, amefungwa kamba kama mhalifu. Rangi ya tope, mpana kama sahani, magando mawili mbele kama koleo za fundi. Liban amemgeuza, akanionyesha kifuniko cha tumboni. Kikiwa chembamba, dume. Kikiwa kipana, jike. Huyu ni jike. Nimemwita Nakiru, jina tunalompa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa sababu amekuja akichuruzika maji.

Nimefungua kamba. Kosa! Gando la kulia limeshika kidole gumba changu. Nimepiga yowe. Gikunda amechungulia juu ya ua akauliza kama tunachinja.

Jecinta, mke wangu, ameuliza kaa atakaa wapi. Nimemwambia kwenye karai la kuogea. Ameuliza sisi tutaogea wapi. Mwanamke huyu anapenda maswali. Ameuliza pia chumvi yote ya jikoni imekwenda wapi. Kwani bahari hujitengeneza yenyewe?

Jumatatu, 16 Septemba

Hali chochote. Omena, hapana. Maini, hapana. Gikunda, kwa kujipendekeza, ameleta jani la kabichi. Hapana. Hapo nimefurahi kidogo.

Nimempigia Liban. Naye amemuuliza mvuvi wake, kisha akanirudia. Mchana kaa hujificha, kwenye tope au chini ya mawe. Giza likiingia ndipo hutoka kutafuta konokono na kome, akiwavunja magamba kwa magando. Basi nimechota tope mtoni, nikaongeza mawe. Nakiru amejizika papo hapo. Yamebaki macho mawili tu, juu ya vijiti vyake.

Majirani waliokuja kumwona wameona karai la tope. Mama mmoja amenipa pole.

Jumatano, 18 Septemba

Baba mkwe amefika na fimbo yake na kigoda chake. Amekunywa chai, kisha akauliza mifugo iko wapi. Nimempeleka kwenye karai. Nikasema, "Baba, huyu ni kaa."

Akasema ameshakaa vya kutosha kwenye pikipiki, nimwonyeshe mnyama.

Nimemfukua Nakiru kidogo. Mzee ametazama weee. Ameuliza anakamuliwa wapi. Nimesema hakamuliwi. Ameuliza hulia vipi. Nimesema halii. Ameuliza kama siku hizi Jecinta anakula vizuri.

Alhamisi, 19 Septemba

Msiba. Asubuhi nimekuta gamba tupu juu ya tope. Miguu ipo, magando yapo, hata vifuniko vya macho vipo. Ndani hamna kitu! Mgongo umefunguliwa kwa nyuma, safi kabisa, kama sufuria. Mtu amemla Nakiru na vyombo akavipanga.

Na Gikunda alikuwa mlangoni kwake, akichokonoa meno.

Sikufikiri. Nimesimama langoni kwake nikasema maneno, mbele ya mke wake, mbele ya watu waliopanga foleni ya maji. Nimemwita mla wageni. Amesema alikula githeri, na kwamba kuliko kula kitu kile angekula buibui kwanza. "Ekitela," akasema, "mimi nilimletea kabichi."

Jecinta amenivuta kwa shati hadi nyumbani. Nimekaa kando ya karai nikalia. Siyo kwa ajili ya onyesho. Sijui ni kwa ajili ya nini. Nilidhani mzee amelala. Hakuwa amelala.

Ijumaa, 20 Septemba

Jecinta ametaka karai lake. Baba mkwe amejitolea kumwaga tope, maana mimi sikuweza. Mara nimesikia akiniita. Mkono wake ulikuwa ndani hadi kiwiko.

"Yuko huku," akasema. "Ni laini kama ulimi wa ndama."

Hai! Nakiru hai! Yuko chini ya jiwe, amekunjamana kama nguo mbichi, tena mkubwa kuliko jana. Liban amecheka kwenye simu (naanza kumchoka). Amesema kaa hukua kwa kujivua gamba. La zamani likimbana huacha kula, gamba hupasuka nyuma, naye hutoka kinyumenyume. Siku kadhaa hana silaha, na kila mwenye mdomo baharini anamtafuta. Ndiyo maana hujificha. Mara nyingine dume husimama juu yake akimkinga mpaka awe mgumu tena.

Baba mkwe amesikiliza yote. Kisha amekuja na kigoda chake, akaketi kando ya karai, fimbo mapajani. Amesema mnyama wa hali hii hapelekwi mbele ya watu. Nikasema onyesho ni kesho. Akasema amesikia. Akasema pia niende kwa Gikunda.

Nimekwenda. Nimeomba msamaha kwa sauti ndogo. Gikunda ameniomba nirudie, eti mke wake hakusikia.

Jumamosi, 21 Septemba

Mpango: mzee akienda kujisaidia, nimtie Nakiru kwenye ndoo nikimbie. Mzee hakwenda. Watu wa Kipsing wameumbwa vipi?

Nimepeleka gamba. Nimeliweka juu ya kitambaa, kati ya sungura na bata. Mwamuzi ameuliza mnyama yuko wapi. Nimesema yuko nyumbani anapumzika, hii ni nguo yake. Hema zima limecheka. Nadhani hata bata. Karatasini pangu wameandika "mnyama hakufika". Nilitaka ardhi inimeze.

Hapo Gikunda amesimama, utepe tayari kifuani. Amesema kaa yupo. Amemwona kwa macho yake, na hilo gamba ni la kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshatukanwa kwa ajili yake. Watu wamecheka tena, lakini si kicheko kile cha kwanza. Halafu wamekuja kuligusa, mmoja mmoja.

Tumerudi pamoja. Amenibebesha sungura wake. Ni wazito.

Jumapili, 22 Septemba

Baba mkwe ameondoka. Kabla ya kupanda pikipiki ametazama karai, kisha akanitazama mimi. Amesema mtu anayeweza kumlilia mdudu asiye na sauti anaweza kukabidhiwa mbuzi. Ataniletea mmoja, jike, mwenye mimba.

Jecinta amegeukia ukuta akafuta macho. Mimi nimesema asante.

Nitaanza upya. Polepole, kama watu wengine. Mipango basi. Naapa!

Ijumaa, 27 Septemba

Mbuzi alifika juzi. Mweusi, masikio meupe, mpole. Nimemshika shingo nikakumbuka mambo mengi. Nakiru naye gamba limekauka, anakula maini, amenibana vidole viwili.

Lakini nimefikiri. Kaa jike, peke yake. Mfugaji gani alianzisha kundi bila dume? Tena Liban amesema kaa mmoja hubeba mayai chini ya tumbo, hata milioni na zaidi. Milioni! Mbuzi huzaa mmoja, akijikaza sana wawili. Liban akaongeza kwamba jike huyapeleka mayai bahari ya mbali, na vitoto huelea huko kwenye maji makuu, kwingine havikui. Liban ni kondakta mzuri. Maono hana. Mimi nimeshaulizia tangi.

Yule mvuvi wake ana dume, amekubali tubadilishane. Basi limeondoka asubuhi.

Jecinta amerudi kutoka kazini, akazunguka nyumba, akauliza mbuzi yuko wapi.

Nimemwambia amekwenda Mombasa, kikazi.