Plau Moja, Warithi Watatu

Jumatatu, 5 Machi 1951. Kitale.
Tumemzika Rotich, mpagazi wa hapa ghalani. Umri wake kama wangu, miaka ishirini na tisa. Hakuwa amesema lolote kuhusu mali yake. Matanga hayajaisha, ndugu zake wamebeba mpaka sufuria. Mjane amebaki kukodoa macho. Nimeogopa sana. Mimi nina mke Bungoma, Nekoye, na mtoto wetu Nanyama. Nina plau na maksai wawili. Kaka yangu Wabwile hana plau. Ana macho tu! Naomba ruhusa, naenda kutamka wosia mbele ya wazee.

Ijumaa, 9 Machi. Bungoma.
Nekoye amefurahi. Anaomba jambo moja tu: nikifa, plau na maksai vibaki kwake, mtoto apate kula. Nimekubali. Halafu nikawaza. Kwa nini urithi usinifae mimi mwenyewe kabla sijafa? Nimemnong'oneza Wabwile kwamba plau itakuwa yake. Amenipa jogoo papo hapo. Nikaenda kwa Mzee Wakhungu, msimamizi wa wosia. Alikuwa amenuna, ati kijana asiye na mvi akigawa mali anajiitia kifo. Nikamwambia plau ni yake. Kununa kukaisha. Akili ni mali!

Jumamosi, 10 Machi.
Wazee wamezunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake. Nekoye kasimama mlangoni. Nikaambiwa niseme. Wabwile ananitazama. Mzee ananitazama. Nekoye naye. Jasho! Nikasema plau ni ya yule ambaye moyo wake unajua ni yake. Wote watatu wakatabasamu. Sijawahi kusema maneno mazuri namna hiyo.

Alhamisi, 15 Machi.
Balaa. Lori la mahindi nililopanda kurudi Kitale liliniacha njiani nikinunua ndizi. Likaondoka na koti langu lenye nauli, na mbele likapinduka mtoni. Koti likapatikana, mimi sikupatikana. Habari zikafika nyumbani kwamba nimekufa.

Nimerudi leo kwa miguu. Nasikia vilio, nikauliza nani amefariki. Wanawake wakatimua mbio. Uani Wabwile anavuta plau huku, Mzee anavuta kule, kila mmoja anaapa kwamba marehemu alimwahidi. Nekoye amekaa juu ya plau na mtoto, hainuki. Nikakohoa. Hakuna aliyefurahi ila mtoto.

Nikafungua mdomo nimtaje Nekoye. Kweli, nilitaka! Mzee akanizuia. Mtu aliyeliliwa matanga hana neno katika boma lake, wala haingii nyumbani, mpaka achinjiwe kondoo. Kondoo hutolewa na kaka mkubwa. Wabwile akasema atamtoa bila shaka, lakini kulima kwanza. Akachukua plau na maksai. Mzee akakubali, mradi shamba lake lilimwe pia. Naandika haya katika banda la kuku.

Jumatatu, 2 Aprili.
Mashamba yao yamelimwa, yanapendeza. Letu Nekoye analima kwa jembe la mkono. Viganja vyake vimechubuka. Akiniletea uji bandani naona aibu, nasema pole. Anachukua bakuli, anaenda zake.

Leo kondoo amechinjwa. Nimepakwa mafuta yake, nimeombewa, nimeingizwa nyumbani. Mzee akatangaza kwamba sasa neno langu ni neno. Nekoye akasogea mbele ya wazee wote.

“Baba Nanyama, safari hii usizunguke. Nitaje kwa jina.”

Wabwile akanisogezea paja la kondoo. Mzee akasema hajaona kijana mwenye hekima kama mimi. Nyama ilikuwa na mafuta mazuri sana. Nikasema haraka ya nini, mimi bado kijana, mambo ya kufa tutayazungumza nikiota mvi.

Nekoye akachukua jembe, akarudi shambani. Atapoa. Wabwile nimemnong'oneza kwamba maksai ni wake. Mzee naye nimemnong'oneza hivyo hivyo. Nimeongezewa supu.