Kuhusu Mtu Mnayemwita Beki

Kavutha Muli,
Soko la Muthetheni,
Machakos.
Ijumaa, 6 Novemba 1998

Kwa Bwana Mtangazaji wa Mpira,
Redioni, Nairobi.

Mpendwa Bwana Mtangazaji,

KUH: KUNYIMWA JINA KWA MWANANGU KISILU

Habari ya kazi, na pole kwa kupiga kelele. Huku kwetu mvua imeanza, mahindi yameota, na betri za redio tunazianika juani mvua ikikatika ili zikufikishe kwetu Jumamosi. Naandika kwa heshima nyingi na hasira kidogo. Mimi ni katibu wa akina mama wa kanisa, kwa hiyo adabu ya barua naijua.

Mimi ni mama yake Matthew Kisilu, beki wa kati wa Saruji ya Mavoko, na tangu mwaka jana beki wa timu yetu ya taifa. Ikiwa jina hilo ni geni kwako, bwana, basi umeshalielewa lalamiko langu.

Mume wangu, Mzee Muli, macho yake yameingia ukungu, na dunia yake siku hizi ni sauti yako. Kisilu alipoacha nafasi ya chuo cha ualimu akafuata mpira, mzee alitamka mbele ya jamaa wote: "Mimi sijui kazi inaitwa mpira. Siku nitasikia jina yake kwa redio, arudi hii boma. Kama hakuna, akae huko." Kisilu kichwa chake kigumu kama cha baba yake. Akakaa huko. Mimi sikulia sana, maana nilijua mtu akiingia timu ya taifa ni lazima atajwe. Kumbe nilikuwa sijakujua wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisilu akiupata mpira, wewe husema, "Beki anaondoa hatari." Beki gani? Ana mama huyo beki? Mzee huniuliza, "Huyo beki hana jina?" Mwezi wa nane mbwa aliingia uwanjani, ukatueleza rangi yake, mkia wake, na hata ukampongeza askari aliyemfukuza. Mbwa huyo tunamjua vizuri kuliko mwanangu.

2. Katika mechi ya Julai ulipaza sauti ukisema mlingoti umeiokoa timu. Bwana, haukuwa mlingoti. Kilikuwa kipaji cha uso wa Kisilu. Nilimfuata Mavoko juma lile nikaupapasa uvimbe kwa mkono wangu. Ulishukuru mti, na mtoto wa watu alikuwa amesimama pale kichwa kikimuuma.

3. Wageni wakija, majina yao marefu unayatamka bila kukwama, pamoja na ya wale walioketi benchi. Kisilu ni silabi tatu tu. Hata mtoto wa chekechea anaweza.

4. Mshambuliaji wetu mmoja alikosa goli akiwa peke yake na kipa, ukalitaja jina lake mpaka chai yangu ikapoa. Kwa hiyo anayeharibu anatajwa, na anayetengeneza haitwi. Haya ni mafunzo gani kwa vijana?

Sipendi kulalamika bila kutoa njia. Mimi si mtaalamu wa mpira, lakini nimeukalia nikaufikiria nikipepeta maharagwe, na naomba uwafikishie wakubwa wa timu mapendekezo yangu. Kwanza, wachezaji wetu wa kati wapunguze bidii, ili maadui wamfikie Kisilu mara kwa mara naye apate kuonekana. Ikiwa hiyo haitoshi, washambuliaji wetu wabaki nyumbani, maana ndio wanaokumalizia pumzi. Kipa naye apumzike. Kisilu peke yake anatosha kusimama pale.

Na ikiwa sheria yenu ni kwamba hatajwi mtu mpaka afunge, basi Kisilu aruhusiwe kufunga. Goli la kule ni mbali kwa mtu aliyeshinda akifanya kazi, lakini liko jingine hapo nyuma yake, hatua chache tu. Kalunde mwenye hoteli ananihakikishia kwamba bao likiingia upande wowote huhesabiwa. Sioni ubaya. Mimi naomba jina tu, matokeo tutayavumilia.

Nisalimie fundi wa mitambo, anayesoma habari, na yule mama wa matangazo ya vifo, sauti yake ni tamu ingawa habari zake si nzuri. Kalunde anakusalimu, Mchungaji anakusalimu, na wote wa Muthetheni wasemao hawakosi kukusikiliza. Mzee Muli hakusalimu kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Ni mimi, ninayekusikiliza kwa uchungu,
Kavutha, mama yake Kisilu

Nyongeza, Jumapili jioni:

Bwana Mtangazaji, barua hii sikuwahi kuitia posta. Kumbe Mungu huzisoma kabla.

Jana tulikuwa tumeketi, mzee sikio ubavuni mwa redio, nikasikia wewe mwenyewe: "Kisilu! Kichwa cha Kisilu! Kisilu, mpira wavuni!" Kisha ukavuta pumzi kusema "maskini," na kabla hujaimaliza nilikuwa nimezitoa betri nikasema zimekufa.

Mzee aliruka, kigoda kikaanguka. "Aiya! Mama Kisilu, umesikia? Ametajwa mara tatu! Huyo ni mtoto wangu!" Akashika fimbo akaenda sokoni kuwatangazia, nami nikamfuata mbio, maana soko zima lilikuwa limesikia mpaka mwisho. Soko hili halijawahi kuficha siri ya mtu. Jana lilinyamaza. Kalunde alimtazama mzee usoni, akammiminia chai, akasema, "Hongera mzee. Hiyo bao hata kipa hakuiona." Vijana wakampigia makofi. Nilicheka hadi nikalia, au nililia hadi nikacheka, sijui.

Leo nimempigia Kisilu simu. Aliniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, nimeharibia nchi. Nitaangalia watu na macho gani?" Nikamwambia baba yake amesema aje nyumbani Jumamosi, na mbuzi ameshafungwa. Akauliza, "Amesikia?" Nikamjibu amesikia jina.

Mzee ameniuliza bao lilifungwaje. Nimemwambia kwa kichwa, na huo si uongo.

Kwa hiyo, bwana, malalamiko yote ya hapo juu nayafuta. Betri nimezificha, lakini mzee amewatuma watu Machakos mjini wamletee mpya, akusikie ukirudia habari ya mechi kesho jioni. Naileta barua hii mwenyewe kwa basi la alfajiri, niiweke mkononi mwako. Nakuomba kwa heshima zote na bila hasira yoyote: ukilifikia lile bao, usiseme limeingia wapi, wala usimtaje Kisilu tena mwaka huu. Mwite beki tu. Sisi tutajua ni yeye.