Kimya cha Mwalimu Zefania

Leo nimeaibika mbele ya bendi nzima ya tarumbeta, tena kwa maandishi yangu mwenyewe.

Mnajua kwamba tasnifu yangu ya uzamili inamhusu Mwalimu Zefania, mzee wa huku milimani Same ambaye amepuliza tuba, tarumbeta kubwa la besi, akatunga na kufundisha muziki maisha yake yote. Tungo zake zimo katika daftari moja tu, aliloliandika kwa mkono. Sharti lake lilikuwa hili: "Waeleze wanafunzi wangu kazi yangu. Nikijitambua katika maneno yako, daftari utalichukua." Bila daftari, sina tasnifu.

Basi leo baada ya ibada nilisimama uani mwa kanisa, mbele ya bendi ya wanafunzi wake, na kurasa kumi na moja za sura ya tatu. (Nilikuwa nimezifanyia mazoezi mbele ya mbuzi wa mwenyeji wangu. Hawakupinga.) Nikaeleza kwamba, kwa mujibu wa rekodi zangu, kila wimbo wa Mwalimu hunyamaza ghafla katikati kwa vipimo vinne vya muziki. Kimya hicho nikakiita "tafakuri ya ukungu unaoushukia mlima." Wapulizaji wakatazamana. Nikadhani wameguswa!

"Mwalimu, tafadhali tusikie," nikasema, nikasogea hadi miguuni pake ili nisipitwe na kitu.

Bendi ikapuliza. Kimya kikafika. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa.

Mwalimu akalipindua tuba, akalitikisa, akamwaga mate ya nusu wimbo juu ya viatu vyangu. (Vipya. Nilivinunua kwa ajili ya siku ya kutetea tasnifu.)

"Ukungu umeshuka, msomi!" akapaza sauti Mama Nakijwa wa tromboni. Bendi ikaangua kicheko. Mpiga ngoma akaikalia ngoma yake.

"Pole, mwanangu," akasema Mwalimu, akijifuta machozi. "Hapo ni mahali pa kumwaga maji. Tuba likijaa, linakoroma."

Mtu mwenye busara angekunja karatasi zake. Lakini soksi zangu zilikuwa zimekwisha kulowa. Sikuona la kuogopa tena.

"Shikamoo, Mwalimu," nikaanza upya. (Sijui kwa nini. Tulikuwa tumekwisha kuamkiana.)

"Marahaba."

"Anayemwaga ni wewe peke yako. Hawa wengine umewanyamazisha kwa nini?"

Kicheko kikakatika.

"Nilipokuwa kijana," akasema taratibu, "nilikuwa namwaga huku wenzangu wakiendelea. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba besi haipo. Nilipoanza kutunga, nikasema: sasa mtaningoja."

Mama Nakijwa akaishusha tromboni. "Mwalimu, hilo hujawahi kutuambia!"

"Hamjawahi kuniuliza."

Akanikabidhi daftari.

Kwa hiyo sura ya tatu haifutwi. Nimeondoa ukungu tu. Viatu viko juani vinakauka, na anayetaka kunicheka aanze kwa kunyamaza vipimo vinne.