Maganda ya Ndizi na Wakwe wa Muleba

Leo nimekamatwa nikiiba takataka. Ndiyo, mimi. Kwa umri huu, na kilemba kichwani.

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wenye kuongeza chumvi.

Hapa mtaani kwetu Nshambya zamani kila nyumba ilikuwa na kibanja chake cha migomba. Ukimenya ndizi, maganda unayarudisha kwenye shina la mgomba. Mgomba unakula, na wewe unakula. Sasa vibanja vimekatwakatwa kama mche wa sabuni. Nyumba, ukuta, nyumba, ukuta. Maganda hayana pa kwenda, watu wanayamwaga kwenye kizimba cha taka kule barabarani. Mvua ikinyesha yanateremka, yanaziba mtaro, maji yanaingia vyumbani. Halafu wanajisifu mji umekua! Mji gani unatupa mbolea? Na migomba yangu michache iliyobaki nyuma ya nyumba imekonda kama imetoka hospitali.

Leo tulikuwa tunasubiri wakwe kutoka Muleba, wanakuja kumposa mjukuu wangu Koku. Kijana amempenda mwenyewe, na mimi nimemkubali. (Sikubali ovyo.) Nilikuwa nimemwonya: "Koku, wasikute hata kijiko kichafu. Wakiona aibu hapa, wanageuza gari."

Majani mabichi tumetandaza sebuleni, kama desturi yetu. (Juu ya vigae. Koku alinuna, akatandaza.) Kahawa ya kutafuna iko kwenye kikapu. Wageni walisema mchana, na bado ilikuwa asubuhi. Nikaona nafasi ipo, nikachukua gunia, nikaelekea kwenye kizimba.

Jamani, maganda! Mtu alikuwa na harusi jana, wamemenya ndizi za kulisha parokia nzima, maganda yote wamemwaga humo! Nilipandwa na hasira. Nikainama, nikazama mpaka kiunoni.

"Wewe mama! Leo si siku ya kutupa taka!"

Mgambo wa mtaa.

"Situpi. Nachukua."

"Unachukua taka?"

"Taka ni wewe. Haya ni maganda."

"Nikimkamata mtu hakosi neno. Rudisha yalikotoka!"

"Si ndiyo humu yalikotoka?"

Bodaboda wote wa kijiweni wakageuka kutazama. Hapo gari jeupe likasimama, kioo kikashuka, na mwanamume wa makamo mwenye koti akatoa kichwa.

"Shikamoo mama. Sisi ni wageni kutoka Muleba. Tunaulizia kwa bibi yake Koku."

Maawe! Wakwe gani hawa wasiojua saa?

Nikavuta khanga usoni. "Geti lile la kijani. Lakini zungukeni kule juu, huku pamechimbwa." (Hapajachimbwa popote.) "Tena mkakae kwa adabu. Yule bibi ni mkali."

"Asante mama. Mungu akubariki kwa kazi yako ya usafi."

Kazi yangu ya usafi!

Nikaacha gunia na mgambo wake, nikapita vichochoroni mbio. (Magoti yangu yalishangaa.) Nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikaingia sebuleni polepole kama malkia. Hawakunitambua! Shangazi wa kijana akapiga magoti kunisalimia. Nikawapitishia kahawa, nikaanza kuwaeleza kwamba nyumba hii inapenda usafi.

"Hodi!"

Mgambo. Gunia langu begani, linachuruzika.

"Bibi, mbona umenikimbia? Nimempigia mwenyekiti. Amesema maganda uchukue tu, na atatangaza kila nyumba iyatenge yaje kwako, mtaro upate kupumua. Hili niliweke wapi?"

Hakusubiri jibu. Akalitua pale pale, juu ya majani, miguuni pa wakwe.

Koku akafunika uso. Nikajua mchumba ameondoka.

Yule wa koti, kumbe ndiye mshenga, akanitazama, akatazama gunia, akanitazama tena. "Waitu! Yule bibi mkali tuliyeonywa juu yake, kumbe ni wewe, ulijitangaza mwenyewe!"

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Alipopata pumzi akasema, "Binti tunamchukua. Ila mtuambie, mahari ya bibi tuilete kwa lori la taka?"

Nyumbani kwangu! Kwenye kiti changu! Na Koku naye anacheka!

Basi posa imekubaliwa, mgambo amekunywa chai yangu, na kule kijiweni nimeshapewa jina. Bibi Maganda.

Anayetaka kucheka acheke huko huko kwake. Akija hapa kucheka, aje na ndoo ya maganda. Mabichi. Yaliyooza sipokei.