Kibao Kinaruhusu, Hakilazimishi

Bwana Eberhard Häfele hakuwahi kuvunja sheria ya barabarani tangu azaliwe. Mimi sikumuuliza. Alituambia mwenyewe, mlangoni, kabla hajavua koti, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wake.

"Miaka arobaini na miwili kwenye usukani," alisema, "na Flensburg hawanijui!"

Flensburg ni mji wa kaskazini ambako serikali yetu huhifadhi dhambi za madereva wote wa Ujerumani, pointi kwa pointi. Watu wengine hujivunia kujulikana. Huyu alijivunia faili tupu. Alilitaja kwenye supu, akalirudia kwenye nyama, na kahawa ilipofika tulikuwa tumeshaanza kumwonea huruma karani wa huko kwa kukosa kazi.

Alikuwa ametoka Swabia, upande wa magharibi, kuja kwetu Saksonia kumwozesha mwanawe Valentin kwa mpwa wangu Antje Kretzschmar. Yeye ndiye angekuwa shahidi wa ndoa. Kwa ajili ya saini hiyo moja alikuwa amebeba kalamu ya wino ya marehemu baba yake, ndani ya kijaluba, ndani ya soksi safi.

Ndoa ilipangwa Ijumaa, saa tano kamili. Ninasema kamili kwa sababu msajili wetu, Bi Nötzold, hana saa tano nyingine. Saa tano na nusu ana maharusi wengine, na wakishatoka hao anafunga ofisi na kwenda likizo. Ukichelewa, utaoa Septemba.

Nilijitolea kumpeleka bibi harusi kwa gari langu. Bwana Häfele akalitazama gari langu kama mtu anavyomtazama mbwa aliyelowa akiwa juu ya kochi.

"Bibi harusi," akasema, "ataendeshwa na mimi."

Basi tukapanda gari lake la rangi ya fedha, lililong'arishwa hadi njiwa walijitazama humo. Antje alikaa nyuma na gauni lake, na gauni lilihitaji viti viwili. Kilichobaki alikibana mama yangu, Traudel, mwenye miaka themanini na moja na magoti yaliyostaafu kabla yake. Mimi nilikaa mbele nikiwa nimepakata keki ya krimu.

Tulitoka mapema. Tulifika kwenye taa za mwisho muda ukiwa bado upo wa kutosha kunywa chai. Mbele yetu kulikuwa na barabara kuu, ng'ambo yake bustani, na ng'ambo ya bustani ofisi ya ndoa. Tulimwona hata Valentin kwenye ngazi, katika suti yake ya buluu. Kilichobaki ni kupinda kulia na kuizunguka bustani.

Taa ilikuwa nyekundu. Bwana Häfele akasimama juu ya mstari kwa ustadi wa mtu anayeegesha meli.

"Pinda, mkwe wangu," alisema mama.

"Taa ni nyekundu, mama."

"Naiona. Na kibao nacho nakiona."

Kando ya taa kuna kibao cha bati, cheusi, chenye mshale wa kijani unaoelekea kulia. Kwetu mtoto hujua maana yake kabla hajajua jina la ukoo wake: hata taa ikiwa nyekundu, simama kabisa, angalia, kisha pinda uende zako. Vibao hivi vilizaliwa huku mashariki, enzi za Ukuta wa Berlin. Ukuta ulianguka, viwanda vikafungwa, fedha ikabadilishwa, kibao kikabaki. Usikidharau mbele ya mama yangu.

"Nakijua kibao hicho," alisema Bwana Häfele. "Kinaruhusu. Hakilazimishi."

Na ubaya wake, alikuwa sahihi! Sheria ndivyo inavyosema. Ukitaka kungoja kijani, ngoja.

Tukangoja.

Magari ya barabara kuu yalipita. Yakapita mengine. Akapita mzee mmoja kwenye trekta, akatupungia mkono. Taa yetu haikubadilika. Ilikuwa imeharibika na kukwama palepale.

"Kwenu Swabia," aliuliza mama, "nyekundu hukaa muda gani?"

"Muda unaotakiwa."

Nyuma yetu honi ikalia. Bwana Häfele akamtazama mpigaji kwenye kioo kwa masikitiko. "Kupiga honi mjini bila hatari ni kosa. Huyo bila shaka Flensburg wanamjua."

Huyo alikuwa Ronny, dereva wa gari la mikate. Akashuka, akagonga dirisha. Bwana Häfele alilishusha kiasi cha kidole kimoja kupenya.

"Mzee, umekufa?"

"Habari za asubuhi. Sijafa. Ninangoja."

"Unangoja nini? Kibao si hicho hapo!"

"Kinaruhusu..."

"Hakilazimishi!" tukaitikia sisi watatu kama kwaya.

Ronny akachungulia nyuma, akaona gauni. "Hii ndiyo harusi ya akina Kretzschmar? Mungu wangu! Mikate yenu ninayo mimi!"

"Basi usiwe na wasiwasi," alisema Bwana Häfele. "Wenye harusi tuko hapa."

Simu ya Antje ikalia. Valentin. Tulimsikia ndani ya gari na kumwona ng'ambo ya bustani, akirusha mikono.

"Baba, nawaona!"

"Na sisi tunakuona, mwanangu. Suti imekukaa."

"Baba, Bi Nötzold ameshavaa miwani! Pinda kulia!"

"Kwenye nyekundu? Valentin, ndivyo nilivyokulea?"

"Ndiyo, baba," alisema Valentin kwa huzuni ya miaka mingi. "Ndivyo ulivyonilea."

Antje akafungua mlango. "Nakwenda kwa miguu!"

Akakusanya gauni kwapani, akakimbia hadi ukingoni mwa barabara kuu. Taa ya wapita njia nayo ilikuwa nyekundu, maana zile mbili zinaugua pamoja. Na hapo ukingoni walisimama watoto wa chekechea wenye vizibao vya njano, wameshika kamba moja ndefu, pamoja na mwalimu wao, Bi Böhme.

Antje akatia mguu mmoja barabarani.

"Shangazi," alisema kitoto kimoja cha kike, "ni nyekundu."

"Ni nyekunduuu!" wakaitikia wote.

Bi Böhme aligeuka. Alimtazama tu. Hapa kwetu unaweza kumsengenya jirani, unaweza kuidanganya serikali kodi, na bado ukaalikwa kwenye chai. Lakini kuvuka nyekundu mbele ya watoto! Antje akaurudisha mguu. Akasimama mwisho wa kamba, akaishika.

Ndani ya gari mama, aliyekuwa akicheka, akaacha kucheka.

"Mimi ningevuka," nilisema.

"Mbele ya watoto?" aliuliza mama.

Nikaishughulikia keki. Shingo ya Bwana Häfele ilirefuka kwa fahari.

Aliyetuokoa ni kijana wa polisi aliyetokea kwa baiskeli. Akaona safu ya magari hadi kwenye duka la viatu, akaona watoto, akaona bibi harusi kwenye kamba. Akaingia katikati ya barabara kuu na kuinua mkono. Magari yakasimama. Watoto wakavuka, Antje nyuma yao, hakuachia kamba hadi ng'ambo. Valentin akaja mbio kumpokea, na msafara wote ukaelekea ofisini.

Kisha polisi akaja dirishani kwetu.

"Mzee, mbona hukupinda?"

"Kibao kinaruhusu, hakilazimishi."

"Ni kweli," alisema polisi.

Bwana Häfele akatugeukia kama mtu aliyevishwa nishani.

"Lakini injini. Muda wote huo ilikuwa inaunguruma?"

"Ndiyo, kiyoyozi. Keki ina krimu."

"Kuacha injini ikiunguruma bila sababu, gari likiwa limesimama muda mrefu hivi, ni kosa. Leseni, tafadhali."

Nimewahi kuona bomba la kiwanda likiangushwa kwa baruti. Kwanza halitaki kuamini. Uso wa Bwana Häfele ulianguka vivyo hivyo, kuanzia chini. Akatoa leseni kwa mikono miwili. Polisi akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, akampa karatasi.

"Saini hapa."

Bwana Häfele akatoa soksi. Kwenye soksi akatoa kijaluba. Kwenye kijaluba akatoa kalamu ya baba yake.

Alipokuwa anafungua kifuniko, taa ikawa ya kijani!

"Kijani!" mama akapiga kelele. "Mkwe wangu, nenda!"

"Leseni yangu anayo yeye! Kuendesha bila leseni mfukoni ni..."

Nyuma Ronny alikuwa akiupiga usukani kwa paji la uso. Njano. Nyekundu. Bwana Häfele akasaini, polisi akarudisha leseni.

Saa ya mnara ikagonga saa tano. Ng'ambo ya bustani mlango wa ofisi ya ndoa ukafungwa. Bwana Häfele akautazama mlango huo, na kalamu bado i wazi mkononi.

"Ana mtoto mmoja tu huyu," mama aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenyewe hayupo.

Akaifunika kalamu. "Mama," aliuliza, "mnaangalia wapi kwanza?"

"Kushoto, mwanangu. Halafu wapita njia. Halafu unakwenda."

Akaangalia kushoto. Akaangalia wapita njia. Polisi, aliyesimama chini ya taa, akainua mkono kutuaga. Na Bwana Eberhard Häfele wa Swabia akapinda kulia kwenye nyekundu, jicho moja limefumbwa.

Tulipoingia, pete zilikuwa vidoleni. Mahali pa shahidi alisaini Bi Böhme, kwa kalamu ya bure ya duka la dawa. Watoto walipiga makofi, na Bwana Häfele akapiga nao, amesimama nyuma kabisa karibu na makoti.

Lakini jioni, baada ya soseji na bia ya pili, shingo ilianza kurudi.

"Faini si pointi!" alitangaza. "Flensburg bado hawanijui! Na taa nyekundu, ndugu zangu, sijawahi kuikiuka maishani!"

"Hee, mzee!" aliita Ronny, ambaye mikate yake ilikuwa imefika na yeye akabaki nayo. "Ngoja nikuonyeshe. Nilipiga picha nimtumie bosi, aamini kwa nini nimechelewa."

Simu ikazunguka meza zote. Picha ni nzuri kuliko zote za mpiga picha tuliyemlipa. Gari la fedha lenye riboni nyeupe linapinda kona. Juu yake taa inawaka nyekundu kama nyanya. Chini ya taa polisi ameinua mkono, na yeyote asiyekuwepo ataapa kuwa anamwamuru asimame. Na kile kibao? Kibao kimezibwa chote, pembe zote nne, na kofia ya baiskeli iliyo kichwani mwa polisi.

Antje na Valentin wameikuza na kuitundika sebuleni, juu ya kochi.

Kila Bwana Häfele anapokuja, huwangoja wageni. Huinuka, huweka kidole juu ya ile kofia na kusema, "Hapa nyuma kuna kibao."

"Ndiyo, mzee," husema wageni. Kisha humuuliza Antje, polepole, kama kuna treni ya kuwarudisha nyumbani badala ya gari la mzee.